Dola 25 kwa asubuhi moja kati ya motokari zilizokufa, Lubumbashi

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila niliyemwonyesha picha. Ziara hii ya kupiga picha kwenye kiwanja cha motokari zilizokufa ni dola 25 kwa kichwa, na humo mna usafiri, kiingilio cha kiwanja, chai na mkate. Noti yangu ya 20 ilikataliwa kwa sababu ya mpasuko wa pembeni ambao punje ya mchele ingeufunika. Anayeishi Kongo hashangai. Nililipa kwa faranga, kwa bei ya kubadilisha waliyoipanga wao, nikapanda.

Tatizo kubwa la siku nzima lilikuwa hapo hapo, kwenye kupanda. Tuliambiwa tukutane Place de la Poste saa kumi na moja kamili alfajiri, ili jua litukute kiwanjani. Mimi nilifika na dakika kumi mkononi, meno yakigongana, maana Julai baridi ya Lubumbashi haina mzaha. Hiace ilitokea saa kumi na mbili kasoro dakika tano, halafu ikaenda kutafuta mafuta. Mwezi huo jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ule mwanga wa pembeni unaofanya kutu ionekane kama ngozi ya mamba haukai sana. Tuliingia getini saa moja na dakika ishirini. Mwongozaji akasema, "Bado mwanga uko muzuri." Ulikuwa mwanga wa kukausha nguo.

Kiwanja chenyewe ni cha mtu binafsi, nje ya mji upande wa barabara ya Kipushi. Nilihesabu motokari kama 40 kabla ya kuchoka, zimekaa ndani ya majani makavu na vichuguu vyekundu. Kuna Peugeot 404 mbili na 504 tatu, Volkswagen za mgongo wa kobe, malori ya Mercedes yenye pua, na Land Rover moja nitakayoirudia. Katika lori moja kichuguu kimepenya sakafu kikapanda mpaka usawa wa usukani, kimekaa kwenye kiti cha dereva kama mtu anayesubiri abiria. Hapo nilimaliza nusu saa nzima.

Mkisoma "motokari za kizamani" msitegemee vioo, taa wala viti. Kila kinachofunguka kimeshafunguliwa. Hata nyaya zimevutwa zote, zikatolewa shaba yake. Mji umekaa juu ya shaba, bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, linaonekana kutoka kila upande, na bado mtu amelala chali chini ya Peugeot akichuna waya wa taa ya breki. Mwanzoni niliona hasara. Baadaye nikagundua zile tundu tupu ndizo picha zangu bora, hasa tundu la saa ya mwendo, ambalo buibui ameliziba vizuri kuliko fundi yeyote.

Mwongozaji anajua kamera. Sikatai. Alinifundisha kuzungusha filta ya polaraiza taratibu huku natazama rangi ya bodi, mpaka ule mng'ao mweupe wa jua uondoke na rangi ya zamani itoke chini yake. Kwa jua la saa mbili, filta hiyo iliokoa nusu ya picha zangu. Alituonya pia tusibadilishe lenzi pale nje, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi likishaingia kwenye sensa ya kamera unalipeleka nyumbani na kulikuta katika kila anga la buluu. Nilibaki na lenzi yangu ya milimita 35 asubuhi nzima, sikujuta. Halafu karatasi za ruhusa alikuwa nazo, zimepigwa mihuri, na tuliposimamishwa njiani alizitoa kabla hajaulizwa. Kutembea na kamera shingoni katika nchi yetu bila karatasi ni kujitafutia maneno, kwa hiyo kwa hilo peke yake sehemu ya dola zangu imerudi.

Ila kuhusu motokari zenyewe hakujua kitu. Alituambia Volkswagen zote ni "za wakati wa Wabelgiji." Ukizunguka nyuma unaona mwenyewe: zile zilizotengenezwa mpaka mapema 1953 zina dirisha la nyuma lililogawanyika vipande viwili, halafu likaja la yai mpaka 1957, ndipo likafuata pana la pembe nne. Zote za pale ni za pembe nne, na Volkswagen za namna hiyo ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya uhuru.

Aliyejua ni zamu, yaani mlinzi wa kiwanja. Mzee wa makamo ya baba yangu, koti la buluu la kazi, redio mfukoni. Wenzangu walimpita kama nguzo ya geti. Mimi nilimsalimia kwa sababu nilitaka maji, tukajikuta tumeongea saa nzima. Alikuwa gereji ya Gécamines mpaka 2003, mwaka ule wa "kuondoka kwa hiari", wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipopewa pesa ya mkono mmoja na kuambiwa kwaheri. Neno "hiari" analitamka huku anacheka, bila furaha.

Nilimwonyesha 404 iliyobonyea paa, nikamuuliza ilipata ajali wapi.

"Ile haikukufa na ajali, mwanangu. Ilikufa na njala ya piesi, vipuri. Paa ni watoto, wanapandaka kula maembe."

Kisha akanipeleka kwenye Land Rover. Ni ya zile za zamani ambazo taa zake mbili ziko karibukaribu katikati ya grili, kabla hazijahamishiwa kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960. Bodi imesimama, imefifia tu. Nikasema hii imetunzwa. Mzee akainama, akaingiza kidole kwenye chasisi, kipande kikamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Bodi ni aluminiamu, akanieleza, mvua haiiwezi, lakini chasisi ni chuma. "Inje kijana, ndani muzee." Nilipiga picha ya kidole chake na ile kutu juu ya ukucha, kivulini. Kama ningebaki na picha moja tu, ni hiyo.

Mabaya mengine kwa haraka. Tulikuwa watu kumi na wanne, ni wengi mno. Kila nikilenga kunaingia kofia ya mtu. Hakuna aliyetuambia kuhusu manyigu, na mwenzetu mmoja alifungua boneti akaumwa mara tatu, dawa hakuna, akapakwa mate na ushauri. Vaeni viatu vigumu, mabati yanakata. Chai ilikuwa nzuri.

Alama zangu: tatu kwa tano. Zingekuwa nne gari lingefika kwa saa yake. Ukienda, lipia kikundi kidogo, waambie saa tisa usiku ukitaka wafike saa kumi na moja, na beba kitu kidogo kwa ajili ya zamu, maana katika zile 25 yeye hana fungu. Nilimuuliza.

Wakati wa kuondoka niliomba nimpige picha amesimama mbele ya Land Rover, nije nimpelekee iliyochapwa. Akakubali, akavua kofia, akafunga vifungo vyote vya koti. Nilipoinua kamera akanisimamisha kwa mkono.

"Zunguka huku, mwanangu. Piga upande wenye mlango."