Diski za antibayotiki zimenifikia za moto kutoka kwenye buti la basi

Jamani naandika nikiwa bado na hasira mnivumilie. Kwanza niwape haki yao, hawa wauza vifaa vya maabara wa Dar nimenunua kwao mara kibao, aga yao ya Mueller-Hinton (ile ya kuoteshea bakteria kwenye sahani) sina neno nayo na bei zao zinaeleweka. Nyota tatu ningewapa bila shida.

Sasa juzi kati nikaagiza diski za imipenemu na jentamaisini, vile vikaratasi vya duara vyenye antibayotiki unavibandika kwenye sahani ya bakteria uone dawa inawazuia au la, nikalipa hela yote kabla, nikawaambia kabisa mimi niko Mbeya hizi zinataka baridi njia nzima. Mzigo ukaja na basi, umelala kwenye buti na matenga ya dagaa, nafungua boksi nakuta pakiti moja tu ya barafu imeshageuka maji, tena ya uvuguvugu!

Nikasema ngoja nisiwahukumu, nizipime. Nikaotesha E. coli ATCC 25922, bakteria wa mfano ambaye maabara kibao zinamtumia kujikagua maana majibu yake yanajulikana. Jentamaisini ikatoa duara la milimita 22 lisiloota bakteria kuizunguka diski, safi kabisa, inatakiwa 19 mpaka 26. Imipenemu? 21, wakati inatakiwa 26 mpaka 32. Nikamwaga sahani mpya, nikalinganisha upya ukungu wa maji yenye bakteria na McFarland 0.5 (kiwango cha kukadiria wingi wao), ikaja 21 ileile, nikachukua diski ya zamani iliyobaki kwenye friza nikaibandika kwenye sahani hiyohiyo, 29. Hapo mikono yangu ina kosa gani? Joto limeua dawa, na imipenemu inajulikana haivumilii joto.

Nikapiga simu. Dada wa mauzo hata salamu yangu hakuitikia, ananiambia "kaka diski sio samaki, haziozi, wewe ndio wa kwanza kulalamika, labda hujui kupima". Hujui kupima! Mimi niliyerudia mara mbili na diski ya kulinganisha juu!

Na hii sio hasara ya hela tu. Diski ikipungua nguvu duara linakuwa dogo, mimi nisipojikagua naandika bakteria ni sugu kumbe dawa ingemponya mgonjwa, na imipenemu ni kati ya dawa za mwisho kutegemewa, daktari akiambiwa nayo imegoma anashika nini tena? Mwaka 2019 usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu kama milioni 1.27 duniani, halafu sisi tuongeze usugu wa uongo kwenye rejista kisa mtu kabania barafu.

Nyota tatu nazifuta, nawapa moja, ya jentamaisini. Aga nilipanga kuendelea kununua kwao lakini kila nikikumbuka ile "labda hujui kupima" naona hata hiyo moja nyingi, basi siwapi kitu.

Picha za sahani zote nimewatumia WhatsApp, rula ipo juu yake milimita zinasomeka. Tiki za bluu zipo, jibu hamna. Dada kama unasoma hapa pole yako sihitaji, nataka diski nyingine, na boksi lijazwe barafu mpaka juu.