Baraza ya Jaws Corner kwa Mtu Anayeishi kwa Poka

Jaws Corner, baraza ya kahawa na dhumna pale vichochoro kadhaa vya Mji Mkongwe wa Unguja vinapokutana, imekwisha kusifiwa mno na wageni wanaopita na kamera zao. Mimi naitathmini kwa haja nyingine, yaani kama huduma kwa mtu ambaye riziki yake hutokana na poka ya mtandaoni, mchezo wa karata wa kuchezea fedha, na ambaye, kwa sababu hiyo, amepotezana na watu.

Tatizo ni saa. Mashindano makubwa hupangwa kwa kufuata jioni za Ulaya na Marekani. Yanayoanza saa mbili usiku London wakati wa baridi, hapa Unguja huanza saa tano usiku, na aliyeingia hulazimika kubaki mpaka atolewe au ashinde, hata adhana ya alfajiri ikamkuta bado yuko mbele ya kompyuta. Akiamka, adhuhuri imeshapita na jamaa zake wamo makazini. Baraza hii huchangamka baada ya alasiri, wakati ambao mchezaji wa poka ndiyo kwanza amejipata. Kahawa chungu humiminwa kwenye vikombe vidogo, kashata hazikosekani, na malipo ni ya sarafu tu. Kahawa ni nzuri, ingawa pengine hukaa juu ya makaa mpaka ikazidi ukali.

Ninachokithamini zaidi ni namna baraza inavyovunjika. Ikiadhiniwa magharibi, wengi huinuka na kuiacha dhumna katikati, anayeongoza na anayefungwa pia, wala sijamsikia mtu akidai mchezo mmoja zaidi ili arudishe alichopoteza. Kwa mchezaji wa poka hilo si dogo. Kwenye meza za fedha, ambazo si za mashindano na ambako kila mtu ana ruhusa ya kuondoka atakapo, hasara nzito humpata anayeendelea kwa hasira, kwa kuwa karata zinaweza kumpinga hata aliye hodari kwa miezi mizima, na hasira haizibadilishi. Tangu niwe mkaaji wa pale, nami hufunga meza kwa saa niliyojipangia, nikiwa nimepata au nimekosa.

Dhumna ya pale haina dau, na wengi wa wakaaji wanaiona kamari kuwa haramu, kwa hiyo nikiulizwa kazi yangu hujibu kuwa ni ya kompyuta. Hawaulizi zaidi, na ustaarabu huo nauhesabu miongoni mwa sifa za mahali.

Mvua za masika huitawanya baraza, na mabishano ya siasa hupanda sauti kiasi cha kumchosha aliyekesha. Ramadhani mambo hugeuka: watu hukusanyika baada ya tarawehe na wengine hukaa mpaka karibu na daku, saa zile zile ambazo mashindano yamepamba moto; mwezi huo mimi huacha mashindano.

Dosari kubwa ni kwamba hii ni baraza ya wanaume. Wamo wanawake wanaokesha kwa kazi za mtandaoni, tena za halali kuliko yangu, ambao wanahitaji saa mbili za maongezi jioni kama ninavyozihitaji mimi, na mahali pa wazi, pa bei hii na pasipo mlango wa kubisha, sijapaona pa kuwaelekeza hapa mjini.