Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita ziamini, saa zihakiki

Vikokotoo vya mtandaoni vya umbali kati ya viwanja vya ndege viko tele, na vyote nilivyotumia vina mtindo mmoja: unaandika uwanja wa kuondokea na wa kufikia, unapewa kilomita, maili na muda wa safari. Kwenye kilomita navipa alama zote. Kwenye muda navipa nusu, tena kwa kuvihurumia.

Kilomita hazivisumbui kwa sababu ni hesabu tu ya njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia. Heathrow ya London hadi JFK ya New York ni kama kilomita 5,540. Changi ya Singapore hadi JFK ni 15,300 na ushee. Mstari wa njia kwenye ramani ukionekana umepinda kuelekea kaskazini usidhani ni hitilafu, ramani bapa ndiyo inayodanganya. Andika msimbo wa herufi tatu badala ya jina la mji: SYD ni Sydney ya Australia, YQY ni Sydney ya Kanada. Angalia pia aina ya maili, maana ya baharini ni kilomita 1.852 na ya kawaida ni 1.609.

Kasheshe ni muda. Vingi huchukua kasi moja, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Kwa Heathrow–JFK unapata saa 7 na dakika 25, kwenda na kurudi sawasawa. Ratiba halisi haiko hivyo: kwenda New York ni karibu saa 8, kurudi ni karibu 7, kwa kuwa upepo mkali wa anga ya juu huvuma kutoka magharibi na wakati wa baridi huzidi nguvu.

Kasoro kubwa zaidi ni anga zilizofungwa. Helsinki–Tokyo ni takriban kilomita 7,800, na kikokotoo kitakwambia saa 10 na kidogo. Tangu 2022 ndege za Finland haziruhusiwi kupita juu ya Urusi. Zinazunguka, na safari inafika saa 12 hadi 13. Kikokotoo hakina habari.

Kwa hiyo muda nautoa kwenye ratiba ya shirika. Saa za tiketi ni za kila mji, basi zingatia tofauti ya majira: ukiondoka New York saa 2 usiku ukafika London saa 2 asubuhi, ni saa 12 kwa kuangalia tu, toa 5 za tofauti ya majira, zinabaki 7. Hizo zinahesabiwa tangu ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama, pamoja na foleni ya kurukia. Na kama unabadilisha ndege njiani, pima kila kipande peke yake halafu ujumlishe na muda wa kusubiri. Umbali wa moja kwa moja hapo haukusaidii kitu.