Chupa ya Niskin ya lita 5 kwa kazi za Ziwa Nyasa: inunuliwe, ila mpira na kamba vibadilishwe

Mtafiti aliyeko Mbeya anayetaka kuelewa mwenendo wa maji ya pwani hana haja ya kungoja safari ya Zanzibar. Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, kuna upepo, mito yenye tope, maji yaliyojipanga kwa matabaka na wavuvi, vyote mahali pamoja. Kifaa cha kwanza cha kununua ni kilekile cha baharini: chupa ya kuchotea maji ya kina, aina ya Niskin. Tunayoipima hapa ni ya lita 5, ya plastiki ngumu ya PVC, inayofungwa kwa mpira unaopita ndani.

Chupa hii hushuka ikiwa wazi juu na chini, maji yakipita katikati, hivyo haibebi maji ya juu kwenda nayo. Ikifika kina kinachotakiwa huachwa dakika moja au mbili, kisha mesenja, kizito kidogo cha shaba, huachiwa kiteremke kwenye kamba. Kikigonga kifyatuo, vizibo viwili hujifunga kwa kishindo. Vidole vikae mbali tangu chupa inapotegwa. Shale Niskin aliibuni mwaka 1966, na meli kubwa za utafiti bado hufunga 12 au 24 za aina hii kwenye fremu moja.

Kuhusu ukubwa hatuna shaka: lita 5, si 2.5. Oksijeni hutangulia daima. Bomba laini la silikoni hufikishwa hadi kwenye kitako cha chupa ya kioo, maji yakaachwa yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake bila kiputo hata kimoja, na kemikali za Winkler, za kuishika oksijeni ili ipimwe baadaye, huwekwa papo hapo chomboni. Chupa mbili za mililita 125 zitakula karibu lita moja. Virutubisho, pamoja na kusuuzia, nusu lita. Klorofili lita moja, ichujwe kwenye karatasi ya nyuzi za kioo na kuhifadhiwa gizani kwenye barafu. Planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, nusu lita, pamoja na Lugol, dawa ya iodini ya kuwahifadhi, mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu. Mashapo lita moja. Inabaki lita moja ya pH, kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na dharura. Mkemia, mwanabiolojia na mtu wa mikondo wanapata maji yaleyale, ya kina kilekile, ya dakika ileile. Bila hilo, kulinganisha takwimu zao ni kubahatisha.

Ila mtu wa mashapo hapati haki yake hapo. Koki iko juu kidogo ya kitako, na mchanga huanza kuzama mara chupa inapofungwa. Wakati oksijeni inachukuliwa taratibu, chembe nzito zimeshalala chini ya koki na hazitatoka. Kuitikisa chupa mapema kunaharibu sampuli ya oksijeni. Kwenye mdomo wa Mto Lufilyo baada ya mvua, kosa hili ni kubwa mno kupuuzwa. Njia sahihi ni kushusha chupa mara mbili: ya kwanza kwa wengine wote, ya pili kwa mashapo tu. Ile ya pili imwagwe yote kwenye ndoo safi kupitia kizibo cha chini, kuta zisuuzwe, na maji yote yachujwe.

Hapo hapo kuna jambo la kuzingatia kuhusu kina. Maji ya Rufiji yakiingia baharini huelea, kwa sababu hayana chumvi. Na sehemu ya maji hayo ni ya kwetu Mbeya, yametoka bonde la Usangu kwa njia ya Ruaha Mkuu. Ziwa Nyasa ni la maji baridi yasiyo na chumvi ya kutosha kuleta tofauti hiyo. Maji ya mto yaliyotoka milimani yakiwa ya ubaridi zaidi na yenye tope mara nyingi huzama chini ya maji ya ziwa. Ukichota juu tu, mto umekupita chini ya miguu.

Mpira wa kiwandani, ukiwa ni wa asili, utolewe. Unadhuru planktoni, kwa hiyo vipimo vya uzalishaji wa planktoni hizo vinakuja pungufu. Weka wa silikoni. Usiiache chupa imetegwa stoo, mpira utalegea na vizibo vitavuja.

Kuvuja hupimwa kila mara chupa inapotoka majini: skrubu ya hewa ikiwa imefungwa, fungua koki. Maji yakiendelea kutiririka, hewa inaingia mahali, na sampuli hiyo haifai.

Kamba nene ya wavuvi haifai, mesenja hukwama. Tafuta ya poliesta ya milimita 5 au 6 isiyovutika, uiwekee alama kwa rangi kila mita 5. Fundo lolote litazuia mesenja. Funga kizito cha kilo 5 chini. Kamba ikilala kwa nyuzi 30 kutoka wima kutokana na upepo, mita 100 za kamba zinafika mita 87 tu. Kwa mkono, mita 100 ndiyo mipaka ya busara, maana chupa iliyojaa ina karibu kilo 10 nje ya maji. Maji yasiyo na oksijeni, yenye harufu ya yai bovu, huanza kama mita 200 hadi 250 kwenda chini, na huko inahitajika winchi. Mtumbwi mwembamba usitumike kabisa.

Wenye mita ya oksijeni ya mkono waichukue pia chupa hii ya kuihakikishia. Mita iliyorekebishwa Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikitumika Matema bila kurekebishwa upya itaonyesha zaidi ya asilimia 110 kwenye maji yaliyojaa oksijeni kwa kiwango cha kawaida, kwa kuwa ziwa liko chini ya mita 500 na mgandamizo wa hewa ni mkubwa zaidi.

Chupa iliyotoka baharini ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, koki na chemchemi za kifyatuo zaidi. Na anayetafuta kiasi kidogo sana cha metali, kama shaba au zinki, asinunue hii: mesenja na mpira vitamchafulia majibu.