Muppet Monster Adventure: Chura Mdogo Peke Yake Ngomeni

Vikaragosi wa Jim Henson, mbunifu wa Kimarekani, wanaoitwa Muppets, walijipatia umaarufu katika kipindi cha The Muppet Show, kilichorushwa kati ya mwaka 1976 na 1981, na ucheshi wao ulitegemea msongamano: mmoja anaanza kuimba, wa pili anamharibia, huku wazee wawili, Statler na Waldorf, wakiwazomea wote kutoka roshani yao. Kwa hiyo nilipoanza kucheza Muppet Monster Adventure, gemu lililotengenezwa na Magenta Software kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, mashine ya magemu ya Sony, mwaka 2000, nilitaka kujua vurugu hiyo ingeenea vipi katika mchezo wa kuruka na kukusanya vitu unaochezwa na mtu mmoja.

Mchezaji anamwongoza Robin, chura mdogo aliye mpwa wa Kermit, chura maarufu wa kundi hili, ambaye mjomba wake na marafiki zao wamegeuka kuwa viumbe wa kutisha. Hapo ndipo penye ubunifu mkubwa wa gemu hili. Fozzie, dubu asiyeweza hata kumwogofya nzi, anapewa makucha, na Gonzo anakuwa mnyonya damu aitwaye Noseferatu, jina linalochanganya neno la Kiingereza “nose” (pua) na Nosferatu, mnyonya damu wa filamu ya zamani, ili kuikejeli pua yake ndefu. Isitoshe, Robin hujipatia uwezo wa viumbe hao, akakwea kuta kwa makucha ya Fozzie au akaelea hewani kama Gonzo, hata sehemu uliyoipita mwanzoni ukiwa huna la kufanya inakuwa na sababu ya kurudiwa. Mzaha wa mhusika unageuka kuwa chombo cha kazi mikononi mwa mchezaji, jambo ambalo magemu mengi yanayotokana na vipindi vya televisheni hayajishughulishi nalo.

Hata hivyo, Robin yuko peke yake muda mwingi mno. Wenzake wanapojitokeza na kuzungumza, kicheko kinarudi mara moja. Wakiondoka, yanabaki majukwaa, maadui na vitu vya kuokota, na mtu anaweza kusahau kabisa kwamba anacheza na vikaragosi. Kamera nayo inasumbua pembezoni mwa kuta, nami nimeanguka mara nyingi kwa kuruka nisikokuona. Picha za sakafu zinazopindapinda unapozikaribia si kosa la watengenezaji. Ndivyo PlayStation ilivyochora vitu vya pande tatu, na wenye mazoea nayo hawatashtuka.

Anayenunua nakala iliyokwisha kutumika aigeuze diski na kuikagua kwenye mwanga mkali, kwa sababu upande wa chini wa diski za PlayStation hiyo ya kwanza ni mweusi na huficha mikwaruzo midogo. Diski iliyochakaa inaweza kukatakata sauti, na katika gemu hili sauti za wahusika ndizo zilizobeba karibu ucheshi wote.