Feni imezimwa, saa tano usiku: nimelinganisha saraundi isiyopoteza na inayopoteza

Kwa miaka minne nilisikiliza diski zangu za Blu-ray kupitia waya wa optiko, nikiamini napata kila kilichomo. Duka lililoniuzia risiva, kile kifaa kinachoendesha spika zote, waliniambia waya ni waya. Siku nilipochomeka HDMI, waya wa picha na sauti pamoja, kioo cha risiva, kilichozoea kuandika DTS tu, kikaandika DTS-HD MSTR. Nikabaki nimesimama na rimoti mkononi, najiuliza muda wote huo nimekosa nini.

Mambo yako hivi. Saraundi ni sauti inayokuzunguka kutoka spika kadhaa. Ikibanwa kwa kupoteza, sehemu yake hutupwa ili ichukue nafasi ndogo; isiyopoteza hurudi nzima, biti kwa biti. Waya wa optiko unabeba stereo nzima, lakini saraundi unaibeba ikiwa imebanwa kwa kupoteza: Dolby Digital au DTS ya kawaida, namna mbili za kubana. Diski yenye DTS-HD Master Audio, ndiyo ile MSTR ya kwenye kioo, ina kiini cha DTS cha kilobiti 1,509 kwa sekunde, na juu ya kiini hicho kuna nyongeza inayorudisha kila biti iliyotupwa wakati wa kubana. Risiva isipoipata nyongeza, inacheza kiini na wewe hujui lolote. Sauti inatoka spika zote tano na sabufa, nzuri kabisa. Ndiyo maana nilikaa miaka minne sikushtuka.

Basi nikaona jaribio liko tayari mezani: diski ileile, miksi ileile, nyaya mbili zimechomekwa pamoja. Nilichagua kwaya, diski ya lebo ya 2L ya Norway. Hawa hurekodi makanisani, waimbaji wakiwa wameizunguka maikrofoni, kwa hiyo ukikaa katikati ya spika unakuwa umekaa palepale maikrofoni iliposimama. Alto wako nyuma ya bega lako la kushoto, na paa la kanisa unalisikia liko juu. Kwa muziki wa namna hii saraundi ina maana kuliko muziki mwingine wowote ninaoujua.

Nilimwita mpwa wangu, akakaa karibu na risiva, mimi nimeigeuzia kioo mgongo. Anabadilisha waya, risiva inanyamaza sekunde mbili, kisha ananiuliza, "Mjomba, hii ni ipi?" Tukafanya mara 12. Nilipatia 7. Kwa anayebahatisha tu, 6 ni za bure, kwa hiyo sikuwa nimesikia chochote. Iliniuma, kwa sababu wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nawaambia watu HDMI imenifungulia dunia mpya.

Nilikuja kujua kilichonidanganya. Kulinganisha kwangu kwa mwanzo nilikufanya kwenye diski nyingine, ya tamasha, yenye Dolby Digital na DTS-HD kwa pamoja. Ndani ya sauti ya Dolby huwekwa namba inayoiambia risiva ishushe sauti, na namba iliyozoeleka sana inashusha desibeli 4. Sikio likisikia sauti iliyo juu kidogo halisemi "hii iko juu", linasema "hii ni safi zaidi". Ukitaka kulinganisha, pima kwanza. Programu ya kupima desibeli kwenye simu inatosha kabisa. Iweke simu pale unapokaa, sawazisha, ndipo uanze kuhukumu. Hukumu zangu zote za kabla ya hapo nimezifuta.

Sikuishia hapo. Kwenye tovuti yao 2L wameweka faili za majaribio bure, zikiwemo FLAC (zilizobanwa bila kupoteza) za chaneli 5.1, yaani spika tano na sabufa. Nikachukua mbili, nikazigeuza kwa FFmpeg, programu ya kugeuza faili, kuwa Dolby Digital: nakala za kilobiti 640 kwa sekunde, na nyingine za 448, ambacho ndicho kiwango cha juu kwenye DVD za video. Ile ya 640 ilinishinda tena. Lakini 448 niliikamata mara 10 kati ya 12, na nikajua pa kusikiliza: pale kwaya inapokata neno na mwangwi unabaki peke yake. Kwenye FLAC mwangwi unarudi nyuma polepole, unazunguka, unaisha. Kwenye 448 unaanza vizuri halafu unasogea mbele, kana kwamba ukuta wa nyuma wa kanisa umekaribia. Herufi "s" za waimbaji nazo zinachanganyika, hujui imetoka kwa nani. Dolby Digital ikibanwa sana huweza kuunganisha masafa ya juu ya chaneli kadhaa kuwa kitu kimoja, na nadhani hicho ndicho nilichokisikia.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifunza zaidi. Majaribio yote hayo niliyafanya saa tano usiku, madirisha yamefungwa, feni imezimwa, jasho linanitiririka mgongoni. Kesho yake mchana nikarudia na feni ikizunguka. Hata 448 sikuikamata tena. Mwangwi ule mwembamba unakaa chini kabisa, na feni inaufunika wote. Sebule nyingi za pwani ndivyo zilivyo, kwa hiyo kabla ya kununua kifaa kingine, zima feni yako usikie kilichobaki.

Kuhusu kusikiliza kwa intaneti: Apple Music waliweka Dolby Atmos, saraundi yenye sauti za juu ya kichwa pia, mwaka 2021, na stereo yao wanakupa bila kupoteza, lakini Atmos yenyewe inakuja kwa Dolby Digital Plus, inayopoteza, kilobiti 768. Hiyo ni kama MB 345 kwa saa. Saraundi ya chaneli 5.1, biti 24 na kilohezi 96, bila kubanwa inapita GB 6 kwa saa, na hata FLAC ikiipunguza bado bando litalia. Mimi 768 inanitosha kwa muziki wa studio wenye ngoma na gitaa, na miksi iliyotengenezwa kwa akili inanipa raha kuliko miksi mbovu isiyopoteza biti hata moja. Nimekutana na diski za namna hiyo, spika za nyuma zinarushiwa makofi tu.

Kama TV yako ina ARC ya kawaida, njia ya HDMI inayorudisha sauti ya TV kwenye risiva, usitarajie TrueHD, saraundi ya Dolby isiyopoteza, ipite hapo. Inataka eARC, ARC iliyoboreshwa, au uchomeke kifaa moja kwa moja kwenye risiva. Hilo nalo hakuna dukani aliyeniambia.

Kwaya na okestra naendelea kununua zisizopoteza, kwa sababu hizo nazisikiliza usiku na nataka nakala ya kuweka ambayo naweza kuigeuza nitakavyo miaka ijayo. Waya wa optiko nimeuchomoa, nimempa mpwa wangu aunganishe kidekoda chake. Pesa niliyokuwa nimeitenga kwa risiva mpya nimenunulia zulia zito na mapazia ya ukuta wa nyuma, na tangu hapo alto wa kushoto hajahama tena mahali pake.