Vibrashi vya katikati ya meno: miezi mitatu ya kuviweka chini ya waya

Nilifungwa waya za meno Februari, nikiwa na miaka 34, na kwa miezi minne ya mwanzo sikujua kama kuna kitu kinaitwa kibrashi cha katikati ya meno. Waya niliwekewa Dar es Salaam. Niliambiwa nirudi kukazwa kila baada ya wiki sita na nipige mswaki vizuri, basi. Hayo maneno ya mwisho yalihitaji maelezo ya nusu saa, na sikuyapata.

Juni, fizi za juu upande wa kushoto zikaanza kuvimba. Maumivu hayakuwa makubwa. Zilijaa, zikawa nyekundu na kung'aa, na zile ncha ndogo za fizi zinazokaa kati ya jino na jino zikashuka mpaka zikagusa vibati, vile vipande vidogo vilivyogandishwa kwenye meno kushika waya. Kila asubuhi nikitema, damu. Kwa kuiogopa ile damu nikaanza kupitisha mswaki juu juu, mbali na fizi, na uvimbe ukazidi. Duka moja la dawa likaniuzia amoksilini bila hata kunifunua mdomo. Nilimeza siku tano, fizi zikabaki vilevile. Mama yangu kule Kondoa alipoona picha alipiga simu usiku: "Mwanangu, hayo mawaya yatoe, yatakuua." Nilikaribia kumsikiliza.

Daktari wa meno hapa Dodoma ndiye aliyenifumbua macho. Alinipaka meno dawa yenye rangi ya waridi, nikasukutua, akanipa kioo. "Angalia mwenyewe, dada." Kila kibati kilizungukwa na duara la waridi iliyokolea, na mstari mwingine ulifuata ukingo wa fizi kuanzia jino la mbele hadi gego. Ule wote ni utando wa bakteria, laini kama uji uliopoa. Mswaki wa kawaida ulikuwa unapita juu ya waya na kuuacha salama chini yake. Mwili unapambana na hao bakteria, ndiyo maana fizi zinavimba na kutoka damu. Utando ukikaa muda mrefu unagandamana kuwa ugaga, na huo hautoki kwa mswaki, lazima ukwanguliwe.

Kabla ya kunikwangua aliniuliza maswali ambayo sikutarajia. Je, una mimba? Unatumia dawa za kifafa au za presha? Kumbe mimba na hata balehe huzifanya fizi zivimbe kirahisi mbele ya utando mdogo tu, na dawa kama fenitoini ya kifafa na nifedipini ya presha zinaweza kukuza fizi. Akakagua pia kama kuna ncha ya waya inayochoma, na kama pete ya chuma iliyovishwa gego imezama chini ya fizi. Kwangu yote hayakuwepo. Ilikuwa uchafu, na aliniambia hivyo kwa upole.

Sasa vibrashi vyenyewe. Nilinunua pakiti ya vitano, kila kimoja kina mpini mfupi na waya mwembamba uliozungushiwa nywele laini, mfano wa brashi ya kuoshea chupa ya mtoto lakini unene wake ni kama njiti. Vinauzwa kwa saizi. Nilianza na kinene kikagoma kuingia. Cha milimita 0.6 ndicho kinachopita chini ya waya wangu bila kulazimisha. Nakiingiza kutoka juu, nasugua upande mmoja wa kibati, kisha upande wa pili, halafu nakipitisha taratibu kati ya meno pale fizi inapoanzia. Mdomo mzima unanichukua dakika nne. Baada ya hapo mswaki laini, umeinamishwa kuelekea fizi, juu ya waya kisha chini ya waya.

Siku nne za mwanzo damu ilitoka zaidi ya awali. Daktari alikuwa ameshanionya nisiache kwa sababu hiyo. Siku ya tisa nilitema povu jeupe tupu, na nikampigia mama.

Kinachonifurahisha zaidi ni matumizi ya mchana. Kazini Mtumba tunakula pamoja, na ugali wa uwele kwa mlenda ni chakula ninachokipenda kuliko vyote, lakini mlenda unajisokota kwenye waya vibaya mno. Karanga za kukaanga ni balaa kubwa zaidi, punje zinasagika na kujaa nyuma ya vile vipira vidogo vinavyoshikilia waya. Kibrashi kina kifuniko, kinakaa kwenye mkoba, dakika mbili bombani nimemaliza.

Kasoro zipo. Shingo ya kibrashi inapinda haraka ukikisukuma kwa pembe mbaya, na viwili vilikatika wiki ya kwanza. Kimoja kinanidumu siku saba hivi, nywele zikilala hakifai tena. Dodoma nimevipata kwenye maduka mawili tu ya dawa, na saizi ndogo huisha. Mara moja nililazimika kuagiza Dar vije kwa basi. Kwa anayesoma au asiye na mshahara wa uhakika, gharama inajirudia na inauma.

Maji ya chumvi pia yalinisaidia: nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, nasukutua nusu dakika. Yanatuliza, hayaondoi utando. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini niliandikiwa kwa wiki mbili tu, kwa kuwa ikitumika muda mrefu inayapaka meno madoa ya kahawia. Ukiona usaha, homa, uso umevimba au jino linacheza sana, usitegemee vibrashi na chumvi, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Fizi zangu sasa zina rangi yake, isipokuwa sehemu moja juu ya chonge la kushoto. Pale nyama imekomaa na haijarudi. Daktari amesema tusubiri waya zitoke, na kama itabaki hivyo ataipiga ganzi na kuipunguza. Kwa ile sehemu moja najuta ile miezi minne. Vibrashi navipa nyota nne, ya tano naizuia mpaka saizi ndogo ipatikane Dodoma bila kusubiri basi.